Yule Tuliyemwita Bandarini

...na kama kweli hapo anapoweka kidole ndipo walipomlaza, basi yule tuliyemleta kutoka bandarini ni nani, hilo ndilo swali ambalo Falakhe angeniuliza kama angekuwa na akili, lakini mwanangu huyu tangu utotoni anajua maswali mepesi tu, "Mama, tulitoe au tusilitoe?" na macho yake yako juu kwenye boriti, kwenye tawi la mkunazi lililokauka mpaka likashika rangi ya moshi, na binti yake Zibuyile amepiga magoti sakafuni juu ya ramani kama mtu anayetafuta sindano, "Bibi, sogea uone, hii mistari miwili ni reli, hiki ni kituo, na hapa kando, huu msalaba wa penseli, ndipo walipomzika babu yake Baba," na jina akalitaja, hivi hivi, kama anataja sabuni... mimi jina hilo silitaji, niliingia nyumba hii nikiwa mke wa mwanawe na mke hatamki jina la baba mkwe, hata neno linalofanana nalo nalikwepa, nimelikwepa mpaka limekuwa kama shimo njiani, miguu inalizunguka yenyewe bila kuambiwa, sogea uone, nisogee wapi na magoti haya, naiona kutoka hapa hapa kwenye mkeka, karatasi kubwa aliyoigundisha kipande kwa kipande, pembe moja ameibana kwa kopo langu la ugoro, nyingine kwa kiatu cha baba yake, na katikati nchi ya Misri yote imelala sakafuni kwangu, rangi ya ngozi ya ng'ombe, na mistari myembamba inayojikunja kama mikunjo ya tumbo langu mwenyewe, anasema hiyo mistari ni vilima, vilima gani hivyo visivyo na hata nyasi, mtu atachungia nini huko.

Likizo zake zote anazimalizia Pretoria kwenye nyumba ya nyaraka, walimu wenzake wanarudi na wachumba, yeye anarudi na vumbi puani, nilimwambia, binti, waliokufa hawaoi, akacheka, akasema Bibi ngoja tu, na leo ndiyo hiyo ngoja yenyewe, kumbe kule vitani mzee alikuwa dereva wa lori la maji, kumbe hakuwa hata na bunduki, wazungu walishika bunduki na watu wetu wakapewa mikuki, vita vya ndege na mizinga na wewe unapewa mkuki, ulinde mapipa ya mafuta, umchome nani, umchome ndege, na siku moja ndege ikashusha bomu juu ya lori, maji yakamwagika mchangani na yeye pamoja nayo, wakamzika kando ya reli, mwenzao mmoja akachora msalaba kwenye ramani na dunia ikaendelea na shughuli zake... "kwa hiyo hakufia baharini, Bibi, wala hakufia melini," ndiyo, nimesikia, sina uziwi, nina uzee.

"Basi yale yote yalikuwa bure," anasema Falakhe, "mtu yuko Misri nyie mnamwita Durban, angesikia kwa simu?" "Baba, usiseme hivyo." "Nisemeje? Walibeba tawi tupu, wakalipa nauli ya tawi tupu, wakalichinjia mbuzi. Mama, nakuuliza kwa heshima, tulishushe hili tulichome, twende na jipya, tumlete mzee kwa utaratibu"... kwa utaratibu, anaongea kama karani wa mahakama, na nusu yangu inasema ndiyo, lishushe, mwanangu, tulikuwa wajinga, nani asiyejua kwamba marehemu huitwa palepale alipoangukia, unachukua tawi la mkunazi, unaligusisha udongo ule, unamwita kwa jina na kwa sifa za ukoo, twende nyumbani, na njia nzima husemi na mtu mwingine isipokuwa yeye, unamwambia sasa tunapanda gari, sasa tunavuka mto, ndiyo maana Mungu aliupa mti ule miiba miwili miwili, mmoja unatazama mbele na mmoja umepinda kurudi nyuma, unamshika asipotee, hayo kila mtoto wa hapa anayajua, ila sisi hatukuwa na pa kwenda kumwita, hakimu wa wilaya aliwatumia wakwe zangu neno moja tu, amekufa ng'ambo, ng'ambo, kama ng'ambo ni kijiji, kama ukifika unauliza kwa fulani ni wapi unaonyeshwa.

Na wala nisingejali, mimi simjui, mzee aliondoka mume wangu akiwa bado mgongoni kwa mama yake, ningejali nini mimi bibi arusi wa juzi, ila watoto walikuwa wanakufa, wa kwanza akakaa nasi mwezi mmoja akaondoka, wa pili hakungoja hata nimzoee, nikazaa na kufukia, maziwa yakanivimba kifuani bila mdomo wa kuyanyonya, nikayakamua kwenye majivu, wakwe wakaanza kunitazama miguu kana kwamba nimeingia na kitu kwenye viatu, mpaka mganga wa ng'ambo ya mto Thukela akasema kuna mtu wenu yuko nje, ananyeshewa, analia mlangoni, na wazee wakaketi palepale walipo sasa Falakhe na binti yake, ataitwa wapi, ataitwa wapi, na shemeji yangu Dumezweni, mwenye kichwa kigumu kama kwato, akasema, "Tutamwita bandarini, pale mguu wake ulipoachia udongo wa kwetu," na wazee wakakubali, maana mtu asipokuwa na njia hata kinjia cha panya hukiita barabara... mimi nilikuwa na mimba ya huyu huyu anayesema bure, nikapika pombe ya mtama, na kila nikikoroga nilikuwa naliambia tumbo, tulia, tulia wewe, usiwe na haraka kama wenzako.

Dumezweni akaenda, akalibeba tawi kutoka Durban, akalipa viti viwili basini, utingo akamfokea, "Mzee, mti haukai kitini, weka juu na masanduku!" na Dumezweni hawezi kujibu maana haruhusiwi kusema na walio hai, anamwangalia tu kwa macho mekundu, mama mmoja mnene akachoka na mzozo akaja akakalia kile kiti cha tawi, akaruka kwa ukelele, gari zima likacheka, lakini kuanzia hapo hakuna aliyethubutu, tukayasikia hayo baadaye, sisi tulisikia sauti yake tu akipanda kilima jua likiwa bado juu, akimwita kwa sifa ya ukoo wa Ngubane, "Tunafika, Mbomvu, hili ndilo lango, huu ndio uwanja wa ng'ombe, inama sasa, mlango ni mfupi," na aliinama yeye, na mimi, niliyekuwa nimeketi upande wa wanawake na tumbo langu, naapa niliona kivuli cha pili kikiinama nyuma yake, si kirefu, kilisita kidogo mlangoni kama mtu asiye na hakika, na mbwa yule mkorofi, aliyembwekea hata mchungaji, alinyanyua kichwa akakirudisha miguuni.

Wakaliweka tawi juu ya boriti, upande wa ndani kabisa, kule wanakokaa waliotangulia, na Falakhe akazaliwa akanyonya, akanyonya kama mwizi, akakaa, akaota meno akaniuma, sasa ana mvi na ananiambia walibeba tawi tupu... tupu, wewe, nani basi alisimama mlangoni kwa ajili yako, kifo kilikuwa kimeshaijua njia ya nyumba hii, kilikuja mara mbili bila kubisha, mara ya tatu kikarudi, kilirudishwa na nani, na ramani?

Ila mzee yuko kwenye mchanga kando ya reli, msalaba huo hapo, Zibuyile hadanganyi, angekuwa mwongo angeshaolewa, basi nani aliitikia, naifikiria ile bandari, sijawahi kuiona, naiona kama hii ramani, kubwa, rangi ya ngozi, imelala kimya, na juu yake watu wamekaa kwenye kamba za meli, wengi, waliozama na walioangukiwa na mizigo na waliokufa homa wakingoja safari, wengine si hata wa lugha yetu, wamekaa wanatazama jiji, mwaka kwa mwaka, hakuna anayekuja na tawi, kwao walipewa neno lile lile, ng'ambo, kisha siku moja anakuja mwanamume wa milimani ana kichwa kigumu anapaza sauti, jina si la mmoja wao, anaita mara moja, hakuna anayeinuka, anaita tena, na mmoja pembeni anaangalia kushoto, anaangalia kulia, mwenye jina haji, na ile sauti ni nzuri, inasema twende nyumbani, baba, miaka yote hiyo amengoja mtu amwambie maneno hayo tu, jina ni kitu gani, anafuta mikono kwenye suruali, anainuka.

Ndiye yeye, ndiyo maana, sasa najua, ndiyo maana ndotoni hajawahi kunisemesha, nimemwota tangu ujana, namuona amekaa karibu na mlango, kofia juu ya goti, anakula pole pole anachopewa na kusukuma bakuli mbele akimaliza, nikawa nasema moyoni, ajabu mwenye nyumba huyu, mwenye nyumba hukaa ndani kabisa akaamrisha, Mbomvu yeyote nimjuaye akiwa hai au akiwa amekufa anaamrisha, huyu anakaa kama mimi nilivyokaa mwaka wa kwanza, ncha ya mkeka, tayari kuinuka... na mimi pia nililetwa, au vipi, walikuja kwetu na ng'ombe wakasema twende nyumbani, nyumbani wapi, sikuwa na nyumba huku, wakanionyesha lango, wakaniambia inama, sijawahi kuwa wao, mpaka leo wananiita MaZondi kwa ukoo wa baba yangu ili nisisahau, na nani aliyewazalia, nani aliyewazika, nani anamimina pombe kule ndani sasa kwa kuwa wazee wao wote wameisha, mgeni njoo mwenyeji apone, wenyewe wanausema sana msemo huo wakitaka pombe ya watu, na alipokuja mgeni mwenyeji si alipona, amekaa hapa mbele yangu na mvi zake anataka kumtoa nje akamchome.

"Bibi," Zibuyile anasema, kidole bado kwenye msalaba, "mimi niko tayari kwenda, Baba akienda nami. Ila hatuwezi kwenda bila neno lako." "Mama. Tulitoe?" na kwa mara ya kwanza nauangalia ule msalaba vizuri, mdogo, wa haraka, mkono uliouchora ulikuwa unatetemeka au gari lilikuwa linatikisika, na namuonea huruma, mimi, mtu ambaye hata jina lake sijaliweka mdomoni, mzee peke yake na treni zisizosimama, na nyumba yake ina mtu mwingine anayekula cha kwake, hapana, aletwe, waende wakamlete, tawi jipya, viti vitatu ndegeni na atakayecheka acheke... lakini lile la kwanza halishuki, halishuki nikiwa hai, sijui utaratibu wake, hakuna anayeujua, wazee hawakutuachia hili, basi nitautunga mimi mke wa watu, mtakapofika langoni naye msiingie moja kwa moja kama mlivyozoea Wangubane, msimame, mumwambie ukweli, mzee, ulichelewa, kuna mtu ndani, alikuja kwa jina lako akakulelea mjukuu, na mimi nitakuwa huku ndani nimeshasogea, nimempisha yule mwingine aketi karibu nami, nimemwambia usiinuke, wewe usiinuke...

"Mama, umesinzia?"

Sijasinzia, namfundisha mwenye nyumba kubisha hodi.