Gurudumu Lililoita Watu Sabato

"Masikio yako yalikuwa wapi, Elkanah? Yalikuwa wapi, nakuuliza! Umempitishia mume wangu kifo, ukakiita gurudumu!"

"Min Awino, hebu nisikilize..."

"Usiniite Min Awino! Awino hana baba, na aliyemnyang'anya baba ni wewe!"

Benta, mama yake Awino, alikuwa upande wake wa ua wa minyaa, Elkanah upande wake, na majirani walishafika. Hapa Sori, kando ya ziwa, ndivyo ilivyo: ukipiga chafya nyumba hii, nyumba ya tatu wanakuombea. Mwenye kapu alilitua, na mwenye mtoto mgongoni akamhamishia nyonga nyingine, maana ugomvi huu haukuwa wa kupita njia.

Elkanah Mogaka alikuwa Mkisii aliyehamia ziwani kwa ajili ya kazi. Karakana yake ilikuwa Homa Bay, karibu na gati, na huko ndiko alikoshinda, akirudi Sori mwisho wa mwezi. Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza. Kila chuma kilichoyeyushwa, kikamiminwa na kutoka kwenye kalibu, alikitundika kwa kamba, akakigonga kwa kinyundo kidogo, akatega sikio. Chuma kizima huimba, na wimbo wake hukawia kufa. Chenye ufa, hata ule ambao jicho haliuoni, hujibu "ko" kisha kinanyamaza.

Benta alikuwa mfinyanzi. Naye hukiweka chungu juu ya ncha za vidole, akakigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono mwingine. Zamani, Maurice mumewe akiwa hai, walikuwa wakitaniana hapo hapo uani. "Shemeji," Elkanah alikuwa akisema, "mimi na wewe kazi yetu moja. Tunapiga hodi tu, tunangoja aliyemo ndani aitike."

Ndipo Maurice akapata mashine ya kusaga posho, ya kwanza upande ule wa Sori, na injini ikahitaji gurudumu zito la kuizungusha. Lilipotoka kwenye kalibu, Elkanah alilitundika mwenyewe. Aligonga, na gurudumu likaimba mpaka mafundi wakaacha nyundo zao wakageuka. Likapakiwa kwenye boti kwenda Sori. Yeye akabaki kazini.

Mwezi haukuisha, habari ikafika. Gurudumu limepasuka likiwa kasini. Kipande kimempiga Maurice kifuani, kikatoka na ukuta.

Tangu mazishi, moto haukuvuka ua ule, wala chumvi, wala maji ya kunywa. Huku watu wanajua: nyumba mbili zikiwa na damu katikati, hazili pamoja. Atakayethubutu, chira, laana ya kuvunja mwiko, itamkausha kama omena juani. Elkanah aliyavumilia hayo. Lililomla usiku na mchana ni lingine: siku hizi aligonga chuma, akasikia wimbo, na hakuuamini. Alirudia, akarudia, mpaka wenzake wakaanza kumtazama kwa huruma. Mtu ambaye sikio ndilo jembe lake, akilitilia shaka, atalima na nini?

"Nililigonga, Benta," alisema sasa. "Nakuapia mbele ya Mungu, liliimba."

"Liliimba! Chuma kiimbe, halafu kiue?"

Hapo Marcella wa mandazi akashindwa kujizuia. Marcella na neno lililomfika kooni, heri umnyime pumzi. "Jamani, Benta, haki isemwe. Lile gurudumu lililia. Si sote tulilisikia ile Sabato?"

"Sabato gani?" Elkanah akauliza.

"Wee! Kumbe hukuambiwa? Si unajua kengele yetu, kile kipande cha reli, kilikwenda na maji ziwa lilipomeza kanisa la chini, zile mvua kubwa za wakati wa Uhuru. Basi gurudumu lilipofika, kabla ya kufungwa kwenye injini, tukalitundika pale kanisani liite watu. Yawa! Wa Osiri wenyewe, kule mbali, wangesikia! Kulipiga si kwa kijiti, ni ile nyundo kubwa ya kupasulia mawe, na aliyekuwa akilipiga ni..."

Mdomo ambao Sori nzima haijawahi kuuona umefungwa, ukafungwa. Marcella alikuwa anamtazama Benta.

Elkanah alisikia mzigo ukimtoka mabegani, wote, kwa mara moja. Chuma cha kalibu ni kigumu, lakini ni kikavu kama biskuti. Kinyundo kinakiimbisha, nyundo ya mawe inakipasua. Sikio lake lilikuwa zima! Alifungua kinywa aseme, ndipo akamwona Benta ameukamata mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu aliyeshika nyoka.

Akawageukia majirani.

"Kengele haikuvunja kitu," alisema kwa nguvu, wote wasikie. "Chuma si kikombe cha chai. Kosa lilikuwa langu. Sikio limezeeka."

"Ehee! Amekiri!" mtu akasema nyuma. Na kwa kuwa wamepata la kwenda nalo sokoni, waliinua makapu yao wakaondoka, Marcella wa mwisho, akigeuka geuka.

Ua ukabaki na watu wawili.

"Nilimbembeleza mimi," Benta alisema, bila kumtazama. "Nilitaka watu wajue tumepata mashine. Akacheka, akanipa nyundo. Nikapiga, likaimba. Nikapiga. Ile ya mwisho, Elkanah, lilisema ko." Alivitazama vidole vyake. "Mimi mfinyanzi. Nimetupa vyungu vingapi kwa ko hiyo? Nikajiambia, ni kamba imelegea."

Elkanah aliusogelea ua.

"Na wewe umejua. Mbona umejichafua?"

"Mimi kesho narudi Homa Bay," alisema. "Wewe ndiye unayemlea Awino hapa, katikati ya midomo hii. Waache waseme ni mimi."

Benta alilia kimya, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akajifuta kwa ncha ya leso, akaitenga minyaa kwa mikono miwili pale njia ya zamani ilipokuwa, utomvu mweupe ukimdondokea vidoleni.

"Nimesonga ugali, na kuna samaki, ngege," alisema. "Mkono huu bado unapima ugali wa Maurice, haujajifunza. Pita, shemeji. Ingia ndani tule."