10103

Daktari alimwambia mama ahesabu kurudi nyuma: mia toa saba, toa saba tena. Mama akacheka kwa dharau.

"Mwanangu, nimefundisha hesabu miaka thelathini na nane. Nipe namba ya watu wazima."

Daktari, kijana mpole wa watu, akatazama namba ya faili la mama: 10103. "Haya, hii. Inagawanyika?"

Nilikaa ukingoni mwa kiti, mguu hautulii. Barua ya daktari ndiyo ingeamua kama mama ataendelea kuishi peke yake. Mara mbili ameacha gesi wazi, na kaka zangu wameshakata shauri: nyumba ifungwe, mama ahamie kwao. Mama anaitaka nyumba yake. Na mimi, kitinda mimba mwenye mdomo, nilikuwa nimewaapia kwamba ana akili kuwashinda wote.

"Mbili, hapana. Tatu, hapana. Tano, hapana. Saba, baki mbili. Kumi na moja, baki tano."

Hakugusa hata kalamu. Daktari alimfuata kwa kikokotoo cha simu na bado akaachwa nyuma. Laiti kaka zangu wangekuwepo, wafunge midomo yao!

"Themanini na tisa, baki arobaini na sita. Tisini na saba, baki kumi na tano."

Nikashusha pumzi. Imekwisha. Kwetu hilo tulilijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu: namba hii ukishaijaribu hadi mia, unasimama. Kama ipo inayozidi mia ya kuigawanya, mwenzake wa kuzidishana naye lazima awe chini ya mia, na wa chini wote umeshawamaliza. Ni namba tasa, basi. Mwanafunzi akipitiliza, mama alimuuliza mbele ya darasa zima, "Wewe, unakwenda wapi?"

"Mia na moja," mama akasema, "baki tatu."

Nikadhani ananitania. Nikamtazama usoni. Wala.

"Mia na tatu, baki tisa. Mia na saba, baki arobaini na tano."

Sauti ile ile, madaha yale yale.

"Lo! Hajakosea hata moja!" Daktari akavuta karatasi ya barua.

Ningenyamaza, nani angejua kwamba amepitiliza? Nilitaka kunyamaza, Mungu ni shahidi. Lakini nikamwona mama jikoni kwake, peke yake, gesi inavuja, naye ameshika kiberiti.

"Daktari, usiandike," nikasema, na machozi yakanitoka pale pale kama mtoto.

Mama akanikazia macho ya darasani. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mama. Hujakosea popote."

"Basi nyamaza, unanipotezea hesabu," akasema. "Mia na tisa, baki sabini na tano."