Manyoya ya Pamba

Niseme ukweli: yule mnyama sikumpenda tangu siku ya kwanza. Si panya, si sungura. Yuko katikati, wa kijivu, masikio ya duara na mkia kama brashi ya kusafishia chupa. Wanamwita chinchila. Mwalimu wa mpwa wangu alipohama hakuwa na wa kumwachia, akampa mtoto, na mtoto akamwita Pamba kwa jinsi manyoya yake yalivyokuwa laini. Mimi ni msusi, nimeshika vichwa vya kila aina, lakini kitu laini namna ile sikuwahi kukigusa.

Sasa Pamba alikuwa amenyonyoka. Mgongoni mabaka, kiunoni mabaka, ngozi inaonekana. Mdogo wangu alimleta saluni kwangu ndani ya kizimba chake, akakiweka chini bila kunitazama.

"Dada, kaa naye. Ana mapunye. Amemwambukiza mtoto kichwani, na shemeji yako amesema asipopona wiki hii atamtupa jalalani."

"Akiwa hai?"

"Ndivyo alivyosema."

Shemeji yangu huyo ni mtu wa tai na marashi. Akikusalimia anainama mpaka unaona haya wewe. Nikadhani ni hasira za mzazi tu. Niliyemjali mimi ni mtoto. Mpwa wangu alikuwa kasuku, akianza kusimulia unamwomba apumzike. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa amefunga mdomo, na aliyebaki akizungumza naye ni Pamba peke yake. Pamba akienda jalalani, nilijua na mtoto tumempoteza.

Basi akawa anakuja saluni kila akitoka shule, kichwa kimefungwa mtandio mpaka kwenye nyusi, anapiga magoti mbele ya kizimba na kunong'ona. Mimi mwenyewe nilimkataza kuuvua mtandio ule. Saluni ikisikika ina mapunye, wateja hawarudi hata ukiwasuka bure.

Nilimpaka Pamba dawa ya mapunye, ileile wanayopakwa watoto. Akajiramba, akaharisha. Nilikuwa nimekwisha kuchemsha maji na kutoa shampuu nimsugue vizuri, mteja mmoja akanipigia kelele nimpeleke kwa daktari wa mifugo kabla sijamuua.

Daktari wa mifugo alikuwa binti mwembamba, amezungukwa na magunia ya chakula cha kuku. Alipofungua kizimba akacheka.

"Mama, hapa huwa naletewa mbuzi. Huyu nilimsoma chuoni tu."

Nilipomweleza habari ya shampuu akaacha kucheka. "Huyu haogi maji kabisa. Manyoya yake yamesongamana mno, yakilowa hayakauki, ngozi inaharibika. Anaoga vumbi. Ngoja nitakupa la kumwekea kwenye bakuli, utaona atakavyogaagaa."

Akafunga madirisha, akammulika kwa taa ya zambarau. Akakwangua ngozi kidogo, akaitazama kwenye hadubini. Akachungulia pua, macho, vidole. Mimi nilikuwa nasubiri kuambiwa jina la dawa nikainunue.

"Hana mapunye," alisema.

"Daktari, si unayaona mabaka?"

"Nayaona. Fangasi wangemshika kwanza puani na machoni, na ngozi ingetoa magamba. Angekuwa anajitafuna mwenyewe, manyoya yangekatika nusu. Sasa tazama hapa. Ngozi safi, manyoya yametoka yote. Mnyama huyu akikamatwa kwa nguvu huachia manyoya. Adui anabaki nayo mkononi, yeye anakimbia." Akasogeza kidole. "Na si mara moja. Hapa yameanza kuota, hapa bado, hapa ni juzi tu. Nyumbani kuna mtu anamkwida."

Nilitoka pale nimefura. Nani mwingine kama si mtoto? Anamvuta mwenzake kama mdoli, halafu anatutia wote presha! Jioni ile alipoingia saluni sikumsubiri hata anisalimie.

"Kumbe ni wewe unayemnyonyoa Pamba?"

Alirudi nyuma mpaka akagonga kiti, na mikono yote miwili akaipeleka kichwani.

"Si mimi, Mama Mkubwa. Ni baba."

"Baba anamfanya nini?"

"Akikasirika anamtoa kizimbani. Pamba anaachia manyoya, anakimbilia chini ya kabati." Alikitazama kizimba, akasema bila kulia, "Yeye yanatoka upesi. Zangu haziachii."

Kulikuwa na mteja chini ya kikaushio. Nilimwomba radhi, nikamtoa nje na rola zake kichwani, nikafunga mlango. Halafu nikamfungua mtoto mtandio.

Mapunye nayajua. Yana ukurutu mweupe, nywele hukatika zikabaki vidoa, na mtoto hujikuna hata akiwa usingizini. Hapa hapakuwa na ukurutu. Juu ya sikio palikuwa na upara laini wenye vinywele vipya. Utosini nywele zilikuwa zimefika urefu wa punje ya mchele. Kisogoni palikuwa pekundu, pamevimba, na vitone vya damu vilikuwa vimekauka kila mahali unywele ulipong'olewa. Yule binti wa mifugo angekisoma kichwa kile bila kuwasha taa yoyote. Nililia mbele ya mtoto, mimi ambaye hata misibani huwa nabembeleza wengine.

Mdogo wangu alikuja kumchukua baada ya kazi. Mtandio wa mtoto ulikuwa juu ya meza ya vioo, na aliuona kabla hajaniona mimi.

"Mfunge, dada. Atawaambukiza watu."

"Atawaambukiza nini?"

Akauchukua mtandio mezani.

"Mimi ni msusi. Kati ya watu wote, uongo kuhusu kichwa unaniletea mimi?"

"Sema polepole."

"Sisemi polepole! Ulijua, hukujua?"

"Nilijua." Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Ningemwambia nani? Nani angeniamini, na yule mtu anavyosalimia watu?"

Nilikuwa na matusi mengi, nikayameza yote kwa ajili ya mtoto. Nikamwambia harudi kule, wala mtoto harudi. Chumba changu kinatutosha, kesho tunakwenda polisi sote watatu, na mtoto kichwa wazi.

"Mtoto abaki," alisema. Akasimama, akauvuta mtandio wake mwenyewe mbele kidogo, akaukaza. "Mimi nisipofika nyumbani atakuja hapa leo hii. Nikifika nitamwambia mapunye yamezidi, umemlaza kwako. Angalau ninyi mlale."

"Usiende. Nakuomba."

Nilimshika mkono. Alijikunyata kwanza, kisha akautoa mkono wake taratibu, akambusu mtoto shavuni, akaondoka.

Nikatia komeo. Nikamwaga vumbi la daktari kwenye bakuli, nikaliingiza kizimbani ili tu mikono yangu iwe na kazi. Pamba akalinusa, akajitupa ndani, akagaagaa huku na huku miguu juu mpaka saluni nzima ikajaa vumbi. Mtoto akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake.

"Mama Mkubwa, manyoya yake yataota tena?"

"Yataota. Daktari amesema."

"Na zangu?"

"Na zako. Nitazipaka mafuta mimi mwenyewe."

Akaingiza kidole kwenye waya wa kizimba.

"Na za mama?"

Mdogo wangu nilikuwa nikimsuka tangu tukiwa wasichana wadogo. Mwaka mzima ule hakuwa amekaa kwenye kiti changu nimsuke, na kila nilipomuuliza alisema kazi zimembana, nami nikamtania kwamba amepata msusi mwingine. Nilichomoa komeo, nikatoka pekupeku hadi barabarani, nikamwita kwa jina lake la utotoni mpaka majirani wakachungulia madirishani. Alikuwa keshaondoka.