Tango Lililobaki Upande wa Ofisi

Nyuma ya nyumba yangu kuna ofisi ya maji. Tumetenganishwa na uzio wa waya tu, wao kule na mabomba yao, mimi huku na ndoo zangu tupu. Tangi lao likijaa linafurika, maji yanatiririka mpaka barabarani, na wakati huohuo bomba langu linakoroma kama mgonjwa. Ukienda kuuliza unaambiwa ni mgao. Meneja wao nimempa jina, namwita Bwana Mgao, na jina limeshika mtaa mzima. Mwenyewe analijua.

Mimi ni fundi mwashi. Shuleni sikukaa sana, lakini ukuta wangu bado haujapata mtu wa kuukosoa. Miaka yote nilikuwa nashinda kwenye majengo ya watu, narudi giza limeingia, naoga, nakula, nalala. Bustani ilikuwa ya mke wangu. Nilijua ipo kwa sababu matango yalifika mezani. Yalikuwa mafupi, ncha zake nyeupe, na hayakuwa na uchungu hata ukila mpaka kwenye kikonyo. Mbegu alipewa na mama yake, naye kila msimu alitoa mbegu nyingine kwenye matango yake mwenyewe. Za dukani hakutaka hata kuzisikia.

Ametangulia. Sitaki kueleza sana. Mashine ya hospitali ilikuwa mbovu, kulikuwa na nyingine kwenye chumba kilichofungwa, na mwenye ufunguo alikuwa kwenye semina. Tukaambiwa tusubiri, tukasubiri. Wenye semina walirudi salama.

Watu wa msiba walipoondoka, binti yetu, ambaye ameolewa mbali, alikuta kabatini chupa ya dawa ya kikohozi, ndani mna mbegu kidogo za matango. Akaniambia nizipande mimi, kwa sababu kwake bado hawajaweka uzio na kuku wa majirani wangezimaliza. "Ila usile yote, baba," akasema. "Nibakishie mbegu za mama." Nikamwambia aondoe wasiwasi, baba yake hawezi kushindwa na kitu kinachoota chenyewe.

Na kweli ndivyo nilivyoamini, kwamba tango linaota lenyewe.

Nilichimba mashimo kando ya uzio nikajaza mbolea ya kuku ikiwa bado mbichi, inanuka mpaka machozi yanatoka. Miche ikatoka vizuri, halafu ikaungua pembeni ya majani ikalala chini. Iliyosalimika ikapata konokono. Ukabaki mche mmoja. Huo nikaanza kuulinda kama mtoto mchanga, nikawa naunyweshea asubuhi kwenye shina, kwa maji niliyokuwa nayatafuta kwa ndoo mtaa wa pili, huku tangi la jirani linafurika. Ukashika waya, ukapanda. Maua yakaja, ya manjano, mengi, yakaanguka yote. Nikasema ni dawa wanayotia kwenye maji, wanatuua sisi na mimea yetu.

Jirani yangu mmoja, mama fundi cherehani, alikuwa akipita akanisikia nikilaani. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Shemeji, hayo ni madume. Dume linazaa wapi? Subiri majike. Utaliona ua lenyewe lina katango kadogo nyuma yake."

Yakaja kama alivyosema. Nikaanza kuvuna. Nilikuwa nakata kwa kisu, sivuti, kwa sababu ukivuta unang'oa na tawi. Na tango lina tabia hii, kadiri unavyokata ndivyo linavyozidi kuzaa. Nikakaa mezani peke yangu na chumvi yangu, nakula. Ladha ilikuwa ileile. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nakula, kisha natoka kuangalia kama kuna jingine, na kila nililokata nilijiambia la mbegu litakuwa linalofuata.

Halafu mgao ukazidi. Wiki nzima bomba halikutoa hata mate. Majani yakaingia ukungu mweupe, kama mtu aliyenyunyiza unga, mche ukaacha kutoa maua. Nilipozinduka kutafuta tango la mbegu, nikalikuta moja tu. Nalo lilikuwa limepenya kwenye tundu la waya likiwa dogo, likanenepea upande wa pili. Kurudi halikuweza tena. Mche wangu, shina langu, maji yangu, tango liko kwa Bwana Mgao.

Mama cherehani alikuja kuliangalia. Akanionya nisiliguse mpaka liwe la manjano kabisa, na ukilibonyeza kidole kizame. Kabla ya hapo mbegu zinakuwa maganda matupu. Nikampigia simu binti yangu nikamwambia asubiri, mbegu za mama yake ziko njiani.

Siku mbili tatu hivi baadaye, Bwana Mgao akaja kwenye uzio na tai yake, nyuma yake vibarua wawili. Akasema kuna mkubwa anatoka makao makuu kuja kukagua, uzio wote utapakwa rangi, kwa hiyo nitoe majani yangu kabla ya wiki kwisha. Nikamwonyesha tango. Nikamwambia ni hilo moja tu, aliache liive, halafu nitang'oa mwenyewe mpaka mizizi.

Akalitazama, akacheka. "Mzee wangu, tango moja? Pita ofisini nikupe ya soda, ukanunue fungu zima sokoni."

"Na wewe pita kwangu nikupe ndoo," nikamwambia, "ukaone bomba kavu linavyofanana."

Vibarua wakaangua kicheko. Yeye hakucheka tena. Akageuka akaondoka.

Jioni ile mama cherehani alinisema sana. Alisema mdomo wangu utaniponza. Akanishauri niende ofisini niombe kwa upole, na kama meneja simtaki, basi niongee na yule binti wa dirishani, karani, maana alikuwa na mazoea na marehemu. Nikajibu kwamba mazoea hayo siyajui, na kuinama mbele ya watu wale siinami. Mwenye ufunguo wa maji na mwenye ufunguo wa mashine, kwangu mimi ni walewale.

Asubuhi nilipotoka na ndoo yangu nikaona kitu. Kwenye kikonyo cha tango, upande wao, kulikuwa kumefungwa kipande cha kitambaa chekundu. Fundo zuri, la mkono wa mtu asiye na haraka.

Nawajua watu wa ofisi. Kwenye majengo nilikofanya kazi, mbao nzuri ikifika, bosi anaipaka alama nyekundu ili fundi asiiguse, jioni gari linakuja kuibeba kwenda nyumbani kwake. Nikajua hili nalo limeshatiwa alama. Mkubwa wa makao makuu ataketishwa kwenye kiti, ataletewa sahani, atakula tango la mke wangu kwa uma.

Nikapanga matofali, nikapanda, nikaegemea juu ya waya. Shati likachanika kwapani. Nikapitisha mkono upande wa pili na kisu, nikakata.

Mkononi lilikuwa zito. Tumboni limeanza manjano kidogo tu, pale lilipokuwa linapigwa na jua, kwingine kote kijani. Nikalibonyeza, kidole hakikuzama. Nikalipeleka jikoni nikalipasua hivyohivyo. Mbegu zilikuwepo, nyingi, nyeupe, zimepangana vizuri kama meno ya mtoto. Nikaikamua moja kwa ukucha ikatoa maji. Nyingine hivyohivyo. Nikazikwangua zote nikazitia kwenye bakuli, nikasema labda zitakomaa zenyewe. Mtu akishaharibu huwa ana labda nyingi.

Nikasikia naitwa kwenye uzio. Alikuwa yule karani, msichana mwembamba mwenye miwani, ameshika mkoba, hata ndani hajaingia.

"Babu, samahani. Nani amechukua tango la bibi?"

Nikamuuliza anamaanisha lile walilolifunga kitambaa wampelekee mkubwa wao? Akanitazama kama naongea lugha ngeni.

"Nililifunga mimi," akasema. "Bibi alikuwa anafunga lile la mbegu, kila msimu, ili hata sisi wa huku tukiliona tusilichume. Jana nilimwomba meneja. Akasema fundi wa rangi airuke nguzo hiyo mpaka liive. Nilitaka nikuambie, babu, ila niliogopa utanifokea."

Nikaficha mikono nyuma, ilikuwa bado na utelezi wa mbegu.

Akaendelea, taratibu, kwamba marehemu alikuwa akiwapitishia matango kwenye waya saa ya chai. Wote ofisini wameyala. Meneja ndiye aliyekuwa akileta chumvi kwenye karatasi. Siku maji yakiwa hayatoki kwetu, mtu alikuwa anamvutia mpira wa maji kutoka kwenye tangi lao, anajaza ndoo zake zote, yeye anawapa matango. Mimi nilidhani mke wangu anateka mtaa wa pili kama mimi. Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nakuta ndoo zimejaa, natia kopo, naoga, nawatukana watu wa maji huku nikijimwagia maji yao.

Nikamwambia nimelikata. Hakunilaumu. Alisema, "Aa, babu," basi, akaingia kazini.

Mama cherehani alinielekeza niziache zile mbegu kwenye maji ule utelezi utoke, halafu niangalie, zenye uhai zitazama. Nikaziacha, nikabadilisha maji, nikakoroga kwa kijiti. Zote zilielea. Nikazizamisha kwa kiganja, nikaondoa mkono, zikapanda tena juu. Mama wa watu alisimama pembeni na tepu yake shingoni, mara hii hakucheka.

Binti yangu nilimpigia mwenyewe, sikutaka asikie kwa mtu. Nikaanza kumweleza habari za mgao, na ukungu, na ofisi, na uzio wao na rangi yao. Akanikatiza akauliza mbegu zipo au hazipo. Nikamwambia hazipo. Akasema, "Haya baba. Nitanunua za dukani."

Uzio ulipakwa rangi. Nguzo ile nayo ikapakwa, hakukuwa na sababu ya kuiruka tena. Mkubwa wa makao makuu hakuja. Hata leo nasema mgao ni wizi, na yule mwenye ufunguo wa hospitali namsubiri mbele ya haki. Kwa hayo sirudi nyuma. Lakini mbegu hazikuharibiwa na wao.

Baadaye nilivaa shati safi nikaingia ofisi ya maji kwa mlango wa mbele. Kulikuwa na foleni, nikakaa kwenye benchi mwishoni. Benchi lenyewe lina msumari umetokeza, watu wanaokusanya pesa ya mtaa mzima wameshindwa kupigilia msumari mmoja. Bwana Mgao akapita, akaniona, akajiweka sawa kusubiri kombora. Nikamsalimia tu. Akabaki anageuka nyuma.

Zamu yangu ilipofika karani akavua miwani, akauliza kama ni bomba.

"Siyo bomba," nikamwambia. "Nataka uniambie bibi alikuwa anasema nini pale kwenye waya, wakati anafanya kazi yake."

Akauliza aanzie wapi, maana ni mambo mengi, ya miaka.

Nikamwambia aanzie kwenye shimo, na mbolea.