Siku Jinamizi Alipoamkiwa

Mume wangu alikuwa mtu mbaya kwa miaka mingi, na ubaya wake niliushona mimi. Kile kinyago cheusi chenye meno mekundu kilitoka kwenye cherehani yangu, na bukta yenye fuvu la kichwa nyuma, na lile joho ambalo pindo lake nililipinda mara mbili kwa sababu lilikuwa likimkwaza kwenye ngazi za ulingo. Jina lake la mieleka lilikuwa Jinamizi. Nyumbani ni fundi magodoro, mtu mpole mno, anayebisha hodi kwenye choo chake mwenyewe hata akiwa peke yake nyumbani.

Watu huniuliza kama mieleka ni ya kweli. Nawajibu kwamba mgongo ninaoukanda kila Jumatatu ni wa kweli, na anayetaka aje anisaidie kuukanda. Ndiyo, nani atashinda hupangwa. Mwandaaji, yule mwenye ukumbi, huwakusanya wanamieleka alasiri kwenye stoo ya nyuma, wanakaa kwenye viti vibovu, anawaambia wewe utaangusha na wewe utaangushwa. Lakini mtu akinyanyuliwa akabwagwa kwenye mbao, mbao hazijui kama mambo yalipangwa.

Kazi ya Jinamizi ilikuwa kuchukiwa. Kila pambano lina shujaa na lina mwovu, na mwovu asipochukiwa, shujaa anabaki kuwa mtu tu aliyevaa chupi ya kung'aa mbele za watu. Mwili wa kazi hiyo mume wangu alikuwa nao, kifua kama kabati na shingo hakuna. Tatizo lilikuwa malezi. Mama mkwe wangu alimlea kwa mkono mmoja na kumnyoosha kwa mkono wa pili, na adabu aliyomtia haikutoka kwa jasho wala haikufunikwa na kinyago. Alikuwa akimpiga mtu kiwiko, na kabla mtu hajafika chini, mdomo wake umeshasema, "Pole."

Mwenyewe hakujua kama anasema. Ilimtoka kama chafya. Kwa muda mrefu hakuna aliyeisikia kwa sababu ya kelele, mpaka Mwandaaji aliponunua kipaza sauti kipya akakining'iniza juu ya ulingo, ili watu wasikie vishindo na miguno. Siku ya kwanza ukumbi mzima ulisikia puu, "Pole." Puu, "Pole sana." Na mpinzani wake naye ni mtoto wa watu, kila akiangushwa anajibu kutoka sakafuni, "Asante, nimeshapoa." Watu walicheka hadi mmoja akavunja kiti, na Mwandaaji hakucheka.

Alimwambia mume wangu kwamba hawezi kumwajiri mtu wa kutisha halafu akafanya kazi ya muuguzi, na akisikia pole nyingine atampeleka mlangoni akakate tiketi. Msiuchukulie mlango ule kwa mzaha. Pale alikaa Chuma, mwanamieleka aliyekuwa akiujaza ukumbi wakati sisi tukiwa wachumba. Sasa alikaa kwenye kiti cha plastiki akichana tiketi, na waliopita hawakumjua, walimuuliza tu choo kiko wapi. Mume wangu alikuwa akipita pale haraka, akitazama viatu vyake.

Basi wiki ile tulihangaika. Nilimwambia ang'ate kitambaa, akakimeza nusu. Nikasimamisha godoro ukutani sebuleni, nikamwambia apige ngumi akiwa kimya. Alipiga ngumi ya nguvu kweli, kisha akaliambia godoro pole. Hapo nilishikwa na hasira, kwa sababu mimi si mtu wa pole. Kwetu ukianguka unaulizwa macho uliyaweka wapi, unainuka, unaendelea na safari. Nikamwambia, "Kama huwezi kuiacha, itangulize."

"Niitangulize wapi?"

"Iseme kabla. Mshike mtu, mtazame usoni, mwambie pole. Halafu ndiyo umpige."

Alilishika godoro kwa pembe mbili. Akalitazama. Akaliambia kwa ile sauti yake ya upole, bila haraka, "Pole." Jamani, nywele zilinisimama. Nilitaka kuingia katikati nilitetee godoro langu.

Tangu siku hiyo kazi ilinyooka. Neno ni lile lile, lakini lililokuja baada ya pigo lilikuwa huruma, na lililokuja kabla ya pigo lilikuwa hukumu. Jinamizi akimshika mtu kifuani na kuinamisha kichwa, ukumbi mzima ulijua linakuja nini na watu walizomea mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Akina mama mtaani waliwatisha watoto kwamba wasipooga Jinamizi atawaambia pole. Mimi mwenyewe niliponzwa na akili yangu, maana nikiumwa kichwa akaniambia pole, najikuta natazama mlango uko wapi. Alikuwa na furaha sana miaka ile, na akizomewa vizuri alikuja nyumbani akiimba.

Kisha uzee ukaingia bila hodi. Magoti yakaanza kulia akiinuka kitandani. Ndevu zilizochomoza chini ya kinyago zikapata mvi, akawa anajifungia bafuni kuzipaka rangi nyeusi, akitoka na masikio meusi. Kwa Mwandaaji alikuwa na umri ule ule kila mwaka, kama watu wengi tu. Usiku mmoja nilimwuliza kwa nini asipumzike, akaniambia hawezi kukaa pale mlangoni akaulizwa choo. Ulingoni, alisema, angalau wanaomchukia wanamjua. Nikamkanda mgongo.

Mwaka huo Mwandaaji akamleta kijana mmoja aliyeitwa Umeme. Mchana alikuwa fundi wa umeme, jioni alikuwa shujaa, sura nzuri, meno yote, mwili umejengeka. Pambano lao lilipangwa hivi: Jinamizi amtese kijana kwanza, kisha Umeme amnyanyue juu ya kichwa, ambwage, refa ahesabu. Mwandaaji alisema waziwazi kwamba siku hiyo atamtazama Jinamizi kwa makini, maana amesikia maneno kuhusu umri, na mlangoni nafasi ya kiti cha pili ipo. Mazoezini kijana alimwita mume wangu mzee. Mume wangu akamkanya, akamwambia kwamba ulingoni hakuna mzee, kuna Jinamizi. Umeme akasema, sawa mzee.

Na kama hilo halitoshi, mama mkwe akasema safari hii anakuja. Miaka yote alikataa. Alikuwa akisema hakuzaa mtoto ili azomewe na watu wasiomjua, kwamba kumzomea ni kazi yake yeye mwenyewe. Sasa goti lake lilikuwa limepata nafuu, akataka aone kabla halijabadili mawazo. Tukakaa mstari wa mbele, mkoba wake mapajani kama yuko zahanati, akiuliza kwa nini hawa watu wazima hawajavaa.

Umeme alichelewa. Alikuwa juu ya nguzo mtaa wa pili, mteja hamwachi ashuke mpaka taa iwake. Alifika kengele inakaribia kugongwa, akavaa viatu akiruka kwa mguu mmoja, akaingia ulingoni moja kwa moja. Hilo la kuchelewa lishikeni, ndilo lililotuponza.

Pambano lilianza vizuri. Jinamizi alimshika kijana, akamwinamia, akasema, "Pole," na ukumbi ukalipuka kwa kuzomea. Mwandaaji alikuwa kando ya kamba, ametabasamu. Nikaanza kupumua. Mama mkwe alinigusa kiwiko.

"Mbona anasema pole kabla? Mimi nilimfundisha baada."

Nikamwambia mambo yamebadilika, mama. Akasema hilo nalo litazungumzwa nyumbani.

Zamu ya Umeme ikafika. Alimkamata mume wangu, akamnyanyua, miguu juu, kichwa chini, watu wakasimama kushangilia. Kilichobaki kilikuwa kumbwaga. Lakini kijana hakubwaga. Alisimama pale na ule mzigo wote, uso umemkunjamana kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria jikoni. Baadaye alinieleza. Alisema amelelewa na bibi yake, na hajawahi katika maisha yake kumpita mtu mzima bila kumwamkia, sembuse kumbwaga. Siku nyingine zote walisalimiana stoo. Siku hiyo, kwa sababu ya ile nguzo, hakuwa amemwamkia, na mikono ilikataa.

Kipaza sauti kilikuwa karibu kabisa na kichwa chake.

"Shikamoo," Umeme akasema.

Neno likasikika ukumbi mzima. Mume wangu akaning'inia. Niliyajua yaliyokuwa yakipita katika kile kichwa kilichogeuzwa. Asipoitikia, yeye ni Jinamizi, hana umri, hana mama, na wiki ijayo atazomewa tena. Akiitikia, basi ni mtu mzima aliyepaka ndevu rangi, na Mwandaaji yuko hatua chache anasikia. Ningekuwa mimi ningenyamaza, haki ya nani. Nilimwombea anyamaze.

Bahati mbaya, alivyoning'inizwa macho yake yalitazamana na ya mama yake. Mama mkwe alitoa mkoba mapajani, akauweka chini, akainua nyusi moja.

"Marahaba," Jinamizi akasema.

Na adabu ikishaanza haikatiki katikati. Akamwuliza, "Nyumbani hawajambo?" Umeme akajibu hawajambo, bibi anamsalimu sana, na amsamehe kwa kuchelewa. Jinamizi akasema si neno, kazi ni kazi. Kisha akamwomba, kwa upole, kama haitamsumbua, ambwage sasa, kwa sababu damu yote imehamia kichwani.

Umeme akambwaga.

Mimi nilitarajia kicheko, nikajiandaa kuinama. Hakukuwa na kicheko. Kulitoka sauti ambayo sijawahi kuisikia ukumbini mle, watu mia kadhaa wameudhika kwa pamoja. "Unamwamkia mtu halafu unamtupa?" mama mmoja aliyebeba mtoto akauliza, na swali lake likaenea viti vyote. Ndala moja ikaruka ikampata Umeme begani. Refa alipiga magoti ahesabu, lakini refa naye ni kijana wa juzi, badala ya moja alianza na shikamoo, akaitikiwa kutoka sakafuni, ndipo akaendelea na mbili. Umeme akatangazwa mshindi kama ilivyopangwa, akazomewa kutoka ulingoni mpaka mlangoni, mzomeo mkubwa ambao mume wangu hakuwahi kuupata hata siku zake bora. Kijana wa watu alikuwa akiwaomba radhi njia nzima. Mama mkwe alipiga makofi, akasema mtoto wake ameitikia vizuri ila angesimama wima.

Nilimkuta mume wangu stoo, amekaa kwenye kiti cha miguu mitatu, kinyago mapajani. Rangi ya ndevu ilikuwa imeyeyuka kwa jasho ikimtiririka kifuani. Mwandaaji akaingia nyuma yangu bila hodi. Mume wangu akasimama, akasema anajua, kiti chake cha mlangoni atakuja nacho mwenyewe kutoka nyumbani, chenye godoro.

Mwandaaji akamwambia aache upuuzi. Alikuwa bado anausikiliza ule mzomeo, kichwa amekiinamisha upande, kama mkulima anayesikia mvua. Alisema mwovu mpya amepatikana, Kijana Asiye na Adabu, na Jinamizi ni shujaa kuanzia wiki ijayo. Kinyago avue, na mvi aziache zionekane kila moja.

"Hawatanizomea tena?" mume wangu akauliza.

"Nani amzomee mtu aliyeamkiwa hadharani?" Mwandaaji akasema, akaondoka kwenda kumtafuta Umeme ampe habari zake.

Nilidhani atafurahi. Mlango alikuwa ameuepuka, na Chuma hatapata jirani. Lakini alikaa tena, akakigeuza kinyago, akapitisha kidole kwenye yale meno niliyoyashona uzi kwa uzi.

"Nimezeeka, mke wangu," akasema.

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa na macho uliyaweka wapi, na nilikuwa na si nilikuambia. Nilimtazama na ile rangi ikimchirizika, mtu aliyewaambia pole watu wote wa mji huu, kabla na baada, na sikumbuki kama kuna mtu aliwahi kumrudishia. Nikamshika mabega. Nikamtazama usoni.

"Pole," nikasema.

Akajikunja kwenye kiti, akafunika kichwa kwa mikono miwili. Alisubiri. Kiti kililia chini yake. Baadaye akafungua vidole, akanichungulia kwa jicho moja.

"Hiyo ni ya kabla?"

"Ni ya baada," nikamwambia.

Akashusha mikono taratibu, bado akiniangalia kwa wasiwasi kidogo.

"Ah," akasema. "Basi nimeshapoa."