Ungempa Mwanao Ampakate?

Kila kijiji alichokwenda Lukresia, mkutano haukuisha bila swali lile. Alikuwa akimaliza kueleza kwamba macho ya bibi zetu yamekuwa mekundu kwa moshi, kwa maisha mazima ya kupikia samadi kavu na mashina ya pamba, wala si kwa uchawi. Ndipo mwanamke mmoja alipoinua mkono: "Na wewe mama, ungempa bibi wa macho mekundu ampakate mwanao?"

"Hata leo!" alijibu kila mara bila kupepesa, na watu wakacheka.

Tusimnyime haki yake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ana mshahara na heshima zake, hadi siku ile jirani yake, ajuza asiye na kosa, alipokatwa mapanga shambani. Akaacha chaki. Alianza na wanawake wachache kibarazani kwa fundi cherehani mjini Bariadi, walimu wenzake wakinong'ona kwamba amechanganyikiwa. Leo shirika lake lina ofisi na gari, majiko yake yasiyo na moshi yamefika mpaka Maswa, na wakubwa wanamwita kwenye semina. Vikongwe wangapi wanapata usingizi kwa sababu yake, Mungu ndiye ajuaye.

Lakini mama yake mzazi, Nyamizi, alikuwa bado kijijini Sola, na macho yake yalikuwa hayo hayo. Ndama wa jirani alipokufa, watoto wakakatazwa kumchotea maji. Lukresia akamfuata mwenyewe.

"Nikiondoka watasema nimekimbia," mama alisema.

"Mayu, kwangu hakuna atakayekuangalia hivyo. Nakuapia."

Kwa kiapo hicho bibi akapanda gari.

Zilikuwa siku njema. Mayige, mtoto wa pekee wa Lukresia, aliyepatikana baada ya mimba kuharibika mara nyingi, hakutaka tena kulala ila mgongoni kwa bibi yake. Kisha jioni moja Lukresia alirudi kutoka kazini akamkuta mtoto mapajani mwa bibi, degedege limemshika, macho yamegeuka. Bibi alikuwa akimpangusa kichwa kwa maji, akinong'ona kwa Kisukuma.

Lukresia alimpokonya. Na kinywa chake, kinywa kile kile kilichohubiri mkoa mzima, kikasema: "Umemfanya nini mwanangu?"

Mikono ya bibi ilibaki wazi vile vile, kana kwamba mtoto bado yumo.

Ilikuwa malaria. Hospitali walimtundikia dripu, na kesho yake mtoto akaomba uji. Lukresia alikimbilia nyumbani, akapiga magoti mbele ya mama yake, aliyekuwa ameketi kitandani na vitu vyake amekwisha kuvifunga kwenye khanga.

"Nisamehe, mayu. Ilikuwa hofu tu."

"Nimekusamehe. Hata wale wa Sola ni hofu tu." Nyamizi aliinuka taratibu. "Ila wale sikuwazaa mimi, ng'wanone, mwanangu. Wale nitaweza kuishi nao."

Alirudi Sola kwa basi, gari la binti yake akalikataa. Tangu hapo Lukresia alipiga simu kila siku, na kila siku iliita mpaka ikakata.

Mkutano uliofuata ulikuwa Dutwa. Safari hii aliyeinua mkono alikuwa binti mwenye mtoto mchanga. Mama mkwe wake, macho mekundu, aliketi peke yake pembeni, watu wamemwachia nafasi kubwa.

"Mama, wewe ungempa mwanao?"

Lukresia angesema kweli, yule ajuza angekwisha pale pale, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Hata leo," alisema.

Binti alimtazama usoni kwa muda, akaamini. Akaenda kumweka mtoto mapajani mwa mkwewe. Ajuza akampakata, na wanawake wakapiga vigelegele. Lukresia naye alipiga makofi huku machozi yakimtiririka, na watu wakaambiana kwamba mama huyu kweli ana upendo na wazee.