Tundu la Ngazini

Ukiziba ufa, utabomoa ukuta. Wahenga walisema vingine, lakini wahenga hawakuliona jumba la sinema la mji huu. Nyufa za baraza lake zilisiribwa kwa plasta, juu ya plasta ikapakwa rangi, na watu wakasifu kwamba jumba linang'aa kama bibi harusi. Siku moja ya mvua paa la baraza likashuka zima zima juu ya watu waliojikinga chini yake. Mmoja wao alikuwa mkata tiketi wa mlangoni, binti wa pekee wa fundi cherehani.

Jumba likabomolewa, kifusi kikazolewa, na pale sasa watu wanaegesha magari. Fundi hakumaliza kulia. Alichoka tu.

Basi kikundi cha washonaji kilipokubaliana kutengeneza tandiko kubwa la viraka litakaloning'inizwa kwenye ukumbi mpya wa mji, kila mwanamke na kipande chake, kila kipande na picha ya mahali panapojulikana mjini, fundi aliacha daraja na mnara wa saa vigombaniwe na wenzake. Yeye aliomba sinema.

Mwenyekiti alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Alimtazama juu ya miwani.

"Una hakika, wifi?"

"Nina hakika."

"Haya. Ila majengo tu, watu hatuwashoni. Sura ya mtu ikishonwa kwa vitambaa inatoka kama kiazi."

"Mbona mimi kwenye kitambulisho nimetoka kiazi, na hakuna aliyenishona?" alidakia jirani yao waliyembandika jina la Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Chumba kizima kikacheka. Hata fundi alicheka kidogo, kisha akajishangaa.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Picha hupelekwa duka la fotokopi ikuzwe. Karatasi iliyokuzwa hukatwa kufuata mistari, na kila kipande cha karatasi huwa pateni ya kukatia kitambaa: ukuta, dirisha, mlango. Vitambaa hupangwa juu ya kitambaa cheupe, hupigwa pasi, kisha kingo hukunjwa na kushonwa kwa mkono.

Picha ya jumba la sinema ilikuwa imebaki moja tu. Wifi mtu ndiye aliyeipiga, akiwa ng'ambo ya barabara. Katika picha hiyo binti ameketi ngazini, ameinama, anakivua kiatu kinachombana.

Ukuta fundi aliupata kwenye pazia lililopauka, madirisha kwenye bitana ya koti la mumewe. Akafika ngazini. Mkasi ulipozunguka, binti alibanduka mzima kutoka kwenye karatasi, mwepesi kama ganda la kitunguu. Fundi akamweka kwenye mkebe wa vifungo. Sheria ni sheria.

Sasa pale alipokaa pazibwe na nini? Karatasi haikusema, kwa kuwa mwili wa binti ndio uliokuwa umepafunika. Fundi alifumba macho. Ngazi zile alizipanda mara nyingi akimpelekea mwanawe chakula, lakini hakukumbuka chochote. Zilikuwa na ukingo mwekundu? Zilikuwa zimemeguka? Alichokiona kila alipofika ni binti, si saruji. Akaenda kumuuliza wifi.

"Ngazi ni ngazi, wifi yangu. Vuta mistari ya huku na huku mpaka ikutane."

Akaivuta. Alikata ukanda wa kijivu, akaulaza, akaupiga pasi. Ngazi zikanyooka, safi, kana kwamba hapakuwahi kukaa mtu. Fundi akazitazama. Mwanawe alikuwa amefukiwa mara moja tayari. Na sasa mama mtu mwenyewe alikuwa ameshika koleo.

Aliubandua ukanda. Akazikunja kingo za tundu na kuzishona kwa mishono midogo kuliko yote aliyoijua, ili zisifumuke. Katikati kikabaki kitambaa cheupe kitupu, chenye umbo la msichana aliyeinamia mguu wake.

Siku ya kuunganisha vipande, wanawake walivitandaza kwenye meza ndefu. Redio alifika kwenye sinema akanyamaza. Ndipo wote walipojua kuna jambo.

"Hapa umesahau," alisema Mwenyekiti.

"Sikusahau."

"Pana tundu, wifi."

"Nalijua. Nimelishona mwenyewe."

"Meya atasimama mbele ya hiki kitu. Akiniuliza hili nini, nimwambie nini?"

"Mwambie alikuwepo mtu."

"Usinifundishe alikuwepo nani!" Wifi alipiga meza, pini zikaruka. "Mimi ni shangazi yake! Nilimwita ageuke nimpige picha vizuri, akakataa, eti ngoja kwanza nitoe kiatu." Sauti ikamkatika, akaitafuta, akaipata ikiwa imekauka. "Lakini hili ni tandiko la mji. Si sanda."

Wengine walijitia kutunga uzi kwenye sindano ambazo tayari zilikuwa na uzi.

"Hiki kikitoka, tutaweka tangi la maji," Mwenyekiti alisema.

"Tangi lenyewe halina maji," Redio alinong'ona. Safari hii hakucheka mtu, hata yeye.

Wifi akazunguka meza, akamshika fundi mkono. Alishusha sauti, akasema naye kama ndugu. "Ziba. Uwaombe radhi wenzako, yaishe. Sinema itundikwe, watu waione. Ukikataa, kipande unaondoka nacho, na mimi na wewe sijui tutaanzia wapi tena."

Fundi alijua maana yake. Katika dunia nzima alibaki wifi peke yake aliyemkumbuka yule msichana akicheka. Akiondoka hapa, hatakuwa na wa kumwambia, "Unakumbuka?" Na hata akishinda, hata tundu likining'inia ukumbini mpaka lipauke, watu watapita chini yake wakizungumza bei ya sukari. Hapakuwa na mlango wowote wa kumrudishia mwanawe. Alitafuta ndani ya moyo wake walau hasira imsaidie kusimama, akakuta hata hiyo imekwisha.

Akautoa mkono wake katika mkono wa wifi.

"Sizibi," alisema. "Na radhi siombi."